Saratani ya matiti bila uvimbe: Dalili za ngozi ambazo hazitakiwi kusubiri

Muulize mtu yeyote mtaani dalili ya saratani ya matiti ni nini, atakujibu haraka: uvimbe. Redio zinasema uvimbe, mabango ya kila Oktoba yanasema uvimbe, hata shoga yako akikushauri ujipime atakwambia utafute uvimbe.

Jibu hilo ni sahihi, ila ni nusu tu. Ipo saratani ya matiti inayojionyesha kwanza kwenye ngozi. Titi linakuwa na vitundu kama ganda la chungwa, chuchu inabanduka magamba, au titi zima linavimba na kuwa na joto hadi kila mtu anadhani ni maziwa yameganda. Unaweza kulipapasa titi hilo asubuhi na jioni usikute kitu.

Hapo ndipo muda unapopotea. Mwanamke anapaka mafuta, anakunywa dawa za dukani, anarudia dozi, na miezi inakatika huku ugonjwa ukisonga mbele.

Kwa ufupi

- Ukiona badiliko jipya la ngozi au chuchu kwenye titi moja, na halijaondoka ndani ya wiki 2, nenda kituo cha afya.
- Titi likivimba, likawa na joto na kubadilika rangi, usisubiri wiki 2. Nenda leo au kesho.
- Ukimaliza dozi ya antibiotiki na titi halijarudi hali yake, usianze dozi nyingine kabla ya kufanyiwa vipimo.
- Mabadiliko mengi ya ngozi ya titi sio saratani. Lakini kuangalia kwa macho tu, hata macho ya daktari, hakutoshi kuwa na uhakika.

Kwanza, ijue kawaida yako

Hakuna titi la mfano ambalo wote wanatakiwa kulifanana. Titi moja kuwa kubwa kidogo kuliko jingine ni kawaida. Vipele vidogo kwenye weusi unaozunguka chuchu ni tezi za mafuta, vimekuwepo siku zote. Michirizi ya kunenepa au ya ujauzito haina shida. Mishipa ya damu kuonekana zaidi wakati wa ujauzito na kunyonyesha pia ni kawaida. Hata chuchu iliyoingia ndani tangu ulipovunja ungo haina neno.

Neno la kushika hapa ni *badiliko*. Kitu ambacho mwezi uliopita hakikuwepo, na sasa kipo. Kikiwa upande mmoja tu, kinahitaji macho zaidi.

Kwa nini ugonjwa wa ndani utokee kwenye ngozi?

Ndani ya titi kuna nyuzi zinazotoka kwenye ngozi hadi kwenye nyama za ndani, ndizo zinazolishikilia titi. Saratani ikizishika nyuzi hizo inazivuta, na ngozi inabonyea kwa nje.

Pia kuna mishipa ya limfu, yaani mifereji midogo sana inayoondoa maji ya ziada mwilini. Seli za saratani zikiiziba, maji yanabaki kwenye ngozi. Ngozi inavimba na kuwa nene, lakini pale penye vinyweleo inabaki imeshikiliwa chini. Matokeo yake ni vitundu vitundu, kama unavyoona kwenye chungwa.

Ndiyo maana ngozi ya titi inaweza kutoa habari ambayo vidole havijaipata.

Dalili 5 za kuangalia

1. Ngozi kama ganda la chungwa

Ngozi inakuwa nene, imetuna, na ina vitundu vidogo vingi. Mara nyingi huanzia sehemu ya chini ya titi, mahali ambapo ni vigumu kupaona bila kioo. Wengine hugundua kwa sababu sidiria imeanza kubana upande mmoja au imeacha alama isiyoondoka haraka.

Maambukizi ya titi nayo yanaweza kuleta hali hii. Lakini kama hunyonyeshi, au dawa hazijaiondoa, vipimo ni lazima.

2. Kishimo au mkunjo mpya

Sehemu ya titi inabonyea kama iliyobonyezwa kwa kidole. Mara nyingine haionekani ukiwa umetulia, hadi unyanyue mikono juu au uinamie mbele. Hii ni dalili ya kuichukulia kwa uzito kwa sababu inaweza kutokea saratani ikiwa bado ndogo, wakati matibabu ni rahisi zaidi.

3. Joto, uvimbe na rangi kubadilika

Vipeperushi vingi vinasema "wekundu". Shida ni kwamba kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kama ulivyo kwenye picha za vitabu. Unaweza kuona weusi uliozidi, zambarau, rangi ya kahawia iliyoiva, au ngozi inayong'aa kwa kuvutwa. Kuna wakati rangi haibadiliki kabisa.

Kwa hiyo tumia mkono pia. Weka kiganja kwenye titi moja, kisha jingine. Lipi lina moto zaidi? Lipi ni zito? Ngozi ya lipi ni ngumu?

Hali hii ndiyo sura ya saratani ya matiti ya aina ya uchochezi. Sio ya kawaida: nchini Marekani inahesabiwa kuwa asilimia 1 hadi 5 ya saratani zote za matiti. Ila ina haraka. Mabadiliko hutokea ndani ya wiki au miezi michache, huchukua theluthi moja ya titi au zaidi, na mara nyingi hakuna uvimbe wa kushika kwa vidole.

4. Chuchu inayobadilika

Chuchu iliyokuwa nje ikaanza kuingia ndani au kugeukia upande mmoja ni ya kuonyesha daktari. Vilevile chuchu inayotoa damu au majimaji yenyewe, bila kukamuliwa, hasa ikiwa ni titi moja.

Halafu kuna "ukurutu" usiopona. Chuchu inawasha, inachubuka, inatoa magamba, inakauka kisha inalowa tena. Mwaka 1874 daktari Mwingereza James Paget alieleza uhusiano kati ya hali hii na saratani, na hadi leo inaitwa ugonjwa wa Paget. Wengi wanaoupata wana saratani nyingine ndani ya titi hilohilo.

Kuna njia ya kukisia tofauti. Ukurutu wa kawaida, ambao wengi wanauita pumu ya ngozi, mara nyingi huanzia kwenye weusi unaozunguka chuchu na huweza kushika matiti yote mawili. Ugonjwa wa Paget huanzia kwenye chuchu yenyewe, titi moja, kisha unatambaa kwenda nje. Lakini hiyo ni kukisia tu. Upele wa chuchu usiopona kwa krimu ndani ya wiki 2 unatakiwa kupimwa, hata kama krimu inautuliza kidogo kisha unarudi.

5. Kidonda kisichofunga

Kidonda kwenye titi ambacho hakina sababu, kinachotoa maji au harufu, au kinachofunga na kufumuka tena, si cha kufunga kitambaa nyumbani. Hapa hakuna kuhesabu wiki. Nenda.

Angalia pia kwapani na juu ya mfupa wa mtulinga. Mtoki unaokaa hapo, hata kama hauumi, ni sehemu ya habari hiyohiyo.

"Lakini haliumi"

Hii ni sentensi inayochelewesha watu wengi. Saratani ya matiti mara nyingi haiumi mwanzoni. Titi kutouma sio dalili ya usalama. Na upande wa pili, maumivu ya titi yanayokuja na kuondoka na hedhi, bila badiliko jingine, kwa kawaida sio saratani.

Vitu vinavyofanana nayo, na sio saratani

Hapa pumua kidogo, maana orodha ni ndefu.

*Maambukizi ya titi kwa mama anayenyonyesha.* Titi linavimba, linauma, lina joto, na mama anapata homa na kutetemeka. Hutokea sana wiki za mwanzo baada ya kujifungua. Mtoto aendelee kunyonya. Maziwa hayo hayamdhuru. Kuna mitaa watu husema mtoto amecheulia titi. Kucheua hakuleti ugonjwa. Sababu ni maziwa kubaki ndani ya titi, na wakati mwingine bakteria wanaopenya kwenye chuchu iliyochanika.

*Jipu.* Sehemu moja inakuwa ngumu, inauma sana, kisha inalainika kwa usaha. Linahitaji kutolewa usaha hospitali, sio kukamuliwa nyumbani.

*Fangasi chini ya titi.* Ngozi inawasha, inalowa na kuchubuka pale titi linapogusana na tumbo, hasa wakati wa joto na jasho. Kwa kawaida dawa ya fangasi na kuweka ngozi kavu huimaliza.

*Ukurutu na mzio.* Sabuni mpya, mafuta yenye manukato au kitambaa cha sidiria vinaweza kuleta upele, mara nyingi pande zote mbili.

*Kifua kikuu cha titi.* Ni nadra, lakini kipo, na kinaweza kuleta uvimbe au kidonda kisichopona. Nacho hujulikana kwa vipimo na kinatibika.

Unaona tatizo lilipo? Karibu kila dalili ya saratani ina pacha wake asiye saratani. Ndiyo maana swali la maana zaidi linakuwa: limekaa muda gani, na dawa zimelifanya nini?

Mtego wa dozi ya pili

Titi lenye joto na uvimbe, hasa kwa mama anayenyonyesha, daktari ataanza na antibiotiki. Hilo sio kosa, kwa sababu mara nyingi kweli ni maambukizi.

Kosa huja baada ya hapo. Dozi inaisha, titi limepungua kidogo tu, basi inatolewa dozi nyingine. Au mgonjwa hakurudi kabisa, ananunua mwenyewe duka la dawa. Dozi ya tatu, ya nne. Saratani si bakteria, wala haiogopi antibiotiki. Inaendelea na safari yake.

Hesabu ya kushika ni hii:

- Siku 2 hadi 3 tangu uanze dawa: unatakiwa uone nafuu. Usipoiona, au homa ikizidi, rudi. Huenda kuna jipu ndani.
- Mwisho wa dozi: titi linatakiwa liwe limerudi hali yake au linakaribia kabisa. Kama ngozi bado ni nene, ina rangi tofauti au vitundu, omba ultrasaundi na uulize kuhusu kuchukuliwa kinyama.
- Ikijirudia mahali palepale: hata kama mara ya kwanza ilipona, inahitaji kupimwa.

Kunyonyesha sio kinga ya kukuondoa kwenye orodha. Kunyonyesha kunapunguza uwezekano wa kupata saratani ya matiti, lakini hakuufuti. Wajawazito na wanaonyonyesha nao wanaugua. Ultrasaundi ni salama kwao, na kinyama kinaweza kuchukuliwa mama akiwa bado ananyonyesha.

Umri mdogo nao sio kinga. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema karibu nusu ya saratani za matiti huwapata wanawake wasio na sababu ya hatari inayojulikana zaidi ya jinsia yao na kuwa na zaidi ya miaka 40. Chini ya miaka 40 uwezekano ni mdogo, ila upo. Kwa hiyo "kwetu hakuna mwenye kansa" na "mimi bado mdogo" sio majibu ya kumaliza mjadala.

Ukifika hospitali, nini kinafuata?

Uchunguzi kamili wa titi una hatua tatu, na zinategemeana.

Kwanza daktari anakusikiliza, anaangalia na kupapasa matiti yote mawili na makwapa. Pili ni picha: ultrasaundi, mamografia, au zote mbili. Tatu ni kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama au ngozi kinachotolewa kwa sindano maalumu baada ya ganzi, kisha kinapelekwa maabara.

Kumbuka jambo moja: kwenye saratani ya aina ya uchochezi picha inaweza isionyeshe uvimbe wowote. Ripoti ya "hakuna uvimbe" haifungi kesi kama ngozi bado imebadilika. Kinyama ndicho kinachotoa jibu.

Hapa ndipo uvumi mkubwa unapoingia, eti kansa ikiguswa na chuma inasambaa. Wapo waliokimbia kipimo kwa sababu hiyo. Ukweli ni kwamba bila kinyama daktari hajui kama ni saratani, wala ni ya aina gani, wala dawa ipi itaifaa. Anayeonekana "kuharibikiwa" baada ya kipimo mara nyingi alifika ugonjwa ukiwa tayari umesambaa.

Mwambie daktari hivi

Foleni ni ndefu na muda wa kuonana ni mfupi, hivyo nenda umejipanga. Sema mambo haya moja kwa moja:

- Badiliko lilianza tarehe fulani.
- Lipo titi la kushoto au la kulia.
- Linaongezeka, linapungua au liko vilevile.
- Unanyonyesha, una mimba, au hapana.
- Dawa ulizotumia, pamoja na za dukani na za mitishamba. Usifiche.
- Kwenye ukoo kuna aliyewahi kuwa na saratani ya matiti au ya ovari.

Simu yako inaweza kusaidia. Siku unapoona badiliko, piga picha kwenye mwanga wa dirisha na uihifadhi mahali salama. Baada ya wiki piga nyingine. Usiitume kwenye magrupu ya WhatsApp kuuliza ni nini.

Kisha uliza maswali mawili kabla ya kutoka: "Majibu ya kinyama yatatoka lini?" na "Nayafuata kwa nani?" Majibu yaliyosahaulika maabara ni sawa na kipimo ambacho hakikufanyika.

Kwa nini siku zina maana

Kwa takwimu za WHO, mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligundulika na saratani ya matiti, na vifo vilikuwa 670,000. Mpango wa WHO ulioanza 2021 unataka mtu akishafika kituo cha afya na dalili, ugonjwa wake uwe umejulikana ndani ya siku 60. Pia unataka zaidi ya asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike wakiwa hatua ya 1 au ya 2.

Ngozi ikishakuwa kama ganda la chungwa kwa sababu ya saratani, au ikitoboka kidonda, madaktari kwa kawaida wanahesabu ugonjwa umefika angalau hatua ya 3 kati ya 4. Hiyo sio hukumu ya kifo. Hatua ya 3 bado inatibiwa kwa lengo la kupona: kwa kawaida dawa za kemotherapi kwanza, kisha upasuaji, kisha mionzi. Lakini kutoka hatua ya 3 kwenda ya 4, ambapo saratani imefika mapafu, ini au mifupa, njia inaweza kuwa fupi.

Wanaochelewa sio wajinga. Kuna nauli na pesa ya vipimo. Kuna mume ambaye hajaridhia, kazi ambayo ukikosa siku moja hulipwi, na hofu ya kukatwa titi na kuachwa. Ndiyo maana msaada wa kwanza wa ndugu sio maombi na ushauri tu. Ni kumshikia mtoto, kuchangia nauli na kumsindikiza.

Wanaume nao

Mwanamume ana nyama za titi, japo kidogo. WHO inakadiria kuwa asilimia 0.5 hadi 1 ya saratani za matiti huwapata wanaume. Chuchu iliyoingia ndani, kidonda au ngozi iliyobonyea kwa mwanamume inahitaji daktari vilevile, na aibu isiwe sababu ya kukaa nayo.

Jiangalie hivi, dakika 3 kwa mwezi

Chagua siku chache baada ya hedhi kuisha, au tarehe moja ya mwezi kama hupati hedhi.

1. Simama mbele ya kioo, mikono ikining'inia. Linganisha matiti.
2. Nyanyua mikono juu. Tafuta kishimo au chuchu inayovutwa.
3. Shika kiuno na ukaze kifua, kisha inama mbele kidogo.
4. Nyanyua kila titi uangalie chini yake.
5. Papasa titi lote na kwapa, ukilinganisha joto na ugumu wa ngozi.

Kujiangalia hakuchukui nafasi ya vipimo. Kunakusaidia kujua lini kawaida yako imebadilika.

Uanzie wapi?

Zahanati au kituo cha afya cha karibu panatosha kuanzia, ukiomba rufaa pale inapohitajika. Nchini Tanzania, hospitali zinazotibu saratani ni pamoja na Taasisi ya Saratani Ocean Road na Muhimbili jijini Dar es Salaam, Bugando mjini Mwanza na KCMC mjini Moshi. Kenya kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi na Hospitali ya Moi mjini Eldoret. Uganda ipo Taasisi ya Saratani iliyoko Mulago, Kampala.

Andika leo tarehe uliyoona badiliko. Siku ya 14 ikifika na titi halijarudi kawaida yake, usiombe dawa nyingine dukani. Omba kupimwa.